Shavu la Refa

"Huu upasuaji nani anautaka?"

Daktari aliuliza huku akiufunga mlango kwa kisigino, faili kifuani, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Refa akacheka. Alidhani anataniwa.

"Mimi, daktari. Si mimi ndiye niliyelazwa hapa mara tatu?"

"Hizo tatu nazijua. Ya kwanza tulikuwa tunaokoa maisha yako. Ya pili tulikulegeza shingo, maana kovu lilikuwa limeivuta hata kugeuka huwezi. Ya tatu tukaifungua pembe ya mdomo ili uweze kula na kupuliza filimbi yako. Hizo hata mimi nilizitaka. Nauliza hii ya nne. Ya shavu."

Refa akajishika shavu la kushoto. Kovu lilianzia chini ya jicho likateremka hadi kwenye taya, mikunjo mitupu. Gesi ilimlipukia jikoni kwake, mwaka wa tatu sasa. Jina la Refa binti huyu alilipata uwanjani, kwani kazi yake ni kuchezesha mpira, na mabeki wenye mapaja kama magogo walikuwa wakimwogopa akitia tu mkono mfukoni. Lakini mbele ya huyu mama mwenye koti jeupe alikuwa anajibu kama mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni.

"Mchumba wangu ndiye aliyenishauri. Harusi yetu ni baada ya miezi mitano."

"Hatari yake nilikwambia?"

"Uliniambia. Mshipa wa fahamu unapita hapo. Ukiguswa vibaya, mdomo unalegea upande mmoja."

"Na filimbi?"

"Filimbi basi tena."

"Na bado ukasaini."

Daktari akavuta kiti, akakaa karibu naye kabisa.

"Mimi nina utaratibu wangu. Kabla sijashika kisu, nazungumza na mgonjwa peke yake, halafu, akiniruhusu, na aliyemsindikiza peke yake. Nimewahi kuletewa binti wa miaka kumi na minane na mama yake. Binti yuko kimya, mama ndiye anayenichorea pua anayoitaka. Nikamwambia mama apande yeye kitandani. Sasa nijibu. Upasuaji ukienda vizuri, unataka nini kibadilike?"

"Nataka anitazame."

Lilimtoka tu. Akalikimbilia kulifunika.

"Ananipenda, daktari, usimfikirie vibaya. Hospitali hii ameikanyaga kuliko wauguzi. Ila akikaa, anakaa kulia kwangu. Tukitembea, yuko kulia. Tukipiga picha, kulia. Nikigeuza shavu hili, yeye anaangalia kwingine."

Daktari akaandika. Hakumwambia pole, na Refa alimshukuru kwa hilo.

"Naweza kuzungumza naye?"

"Zungumza naye."

"Basi mwambie aingie. Wewe subiri nje."

Mchumba mwenyewe alikuwa fundi wa gesi, na mtaa mzima ulimwita Fundi Povu. Kila akifunga mtungi alikuwa akichovya brashi kwenye maji ya sabuni na kupaka kwenye maungio yote, kwani gesi ikivuja povu huchemka na kumsema. Mafundi wengine hupaka mara moja. Povu alipaka mara tatu, akapiga magoti, akatazama kama anayesubiri yai lianguliwe. Aliingia kwa daktari huku anatabasamu.

Zikapita dakika kumi. Zikapita ishirini. Refa kwenye benchi alishayahesabu madirisha yote ya korido. Simu ikatetema. Shangazi.

"Wamekwambiaje?"

Akajibu: "Bado. Povu yuko ndani na daktari."

"Yeye ndiye anayepasuliwa?"

"Hapana."

"Basi anafanya nini humo? Kuwa macho. Mwanamume hana dakika ishirini za maneno bila jambo."

Zilikuwa arobaini Povu alipotoka. Shati lilikuwa limemganda mgongoni na macho yamemwiva.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mpenzi. Daktari ameahirisha."

"Kwa nini?"

"Mashine ya usingizi ni mbovu. Twende."

Akamshika mkono. Mkono wa kulia, kama kawaida.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu haikumaliza hata siku moja. Asubuhi iliyofuata Refa akampigia daktari.

"Daktari, hiyo mashine itatengenezwa lini?"

"Mashine gani?"

"Ya usingizi."

Kisha akamsikia akishusha pumzi.

"Binti yangu, mashine zangu ni nzima. Aliyoyasema ndani ni yake, siwezi kukupa, kama ambavyo yako sikumpa. Ila nilimwambia, na wewe nakwambia: kisu changu hakitakugusa mpaka akueleze kwa kinywa chake."

Akakata simu, akampigia shangazi, na hilo lilikuwa kosa, maana shangazi alikuwa na jibu kabla ya swali.

"Ana mtu. Tena amezaa naye. Mficha maradhi kifo humuumbua. Vaa viatu, umfuate huko huko."

Siku hiyo Povu alikuwa akifunga mitungi mipya kwenye jiko la shule. Refa alimkuta amepiga magoti nyuma ya jiko kubwa, ndoo ya sabuni pembeni, brashi mkononi. Wapishi walikuwa nje wakichambua mchele.

"Mashine ya usingizi ni nzima," Refa akasema.

Brashi ikasimama.

"Ni mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Hakuna mwanamke, Refa. Naapa."

"Basi sema. Moto umeshanila, hakuna neno litakaloniunguza zaidi. Sema!"

Povu akainuka polepole. Alikuwa na povu hadi kwenye viwiko.

"Unajua kwa nini wananiita Povu?"

"Kwa sababu unapaka sabuni mpaka wateja wanadhani umekuja kufua. Usinitoe kwenye mada."

"Zamani hawakuniita hivyo. Waliniita Fundi Chapchap. Mitungi kumi kwa siku, sabuni sipaki, nilikuwa nasikiliza kwa sikio tu." Akaitia brashi ndooni. "Ile siku niliyokuletea mtungi na mpira mpya wa gesi, ulikuwa umeshavaa, una mechi saa kumi. Ukaniuliza, fundi, tayari? Nikakujibu tayari. Sikupaka sabuni. Na kibano cha mpira sikukikaza."

Refa alimsikia vizuri, lakini maneno hayakutaka kukaa.

"Mimi nilisahau kufunga gesi," akasema. "Nilikuwa na haraka, nikasahau kufunga."

"Hukusahau. Ulifunga. Gesi ilitokea kwenye mpira wangu."

"Wewe umejuaje?"

"Kesho yake nilikuja na majirani kutoa vitu vilivyobaki. Nikaukuta mpira umechomoka, kibano kinaning'inia. Nikakivua, nikakitia mfukoni. Nikaenda kukitupa mtaroni."

Refa akajiegemeza kwenye meza. Miaka mitatu! Miaka mitatu amekuwa akiirudia ile jioni kichwani, mkono wake kwenye kitasa cha jiko, akijaribu kukumbuka kama alikizungusha. Majirani walisema uzembe. Shangazi alisema mawazo yake yalikuwa kwenye mpira wa watu. Na mama mpaka leo, kila akipiga simu, hakati bila kumuuliza, "Umefunga gesi?"

"Halafu ukaja wodini na machungwa," akasema taratibu.

"Nilikuja kukwambia. Nikakukuta umefungwa bendeji uso mzima, mama yako anakulilia, mwanangu, gesi tu ilikushinda kufunga? Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake nikasema kesho."

"Na ukanichumbia na hiyo kesho yako."

"Ndiyo."

"Na shavu je? Shavu ulilitakia nini?"

Povu akainamisha kichwa.

"Nikiliona naona brashi yangu kavu. Nikafikiri likilainishwa nitapumua. Daktari aliponiuliza nataka nini kibadilike, nikamwambia nataka nisione tena nilichofanya. Nilipoanza, nikashindwa kunyamaza."

"Kwa hiyo mdomo wangu upinde, filimbi ife, ili wewe upumue?"

"Sikuwaza hivyo."

"Hukuwaza! Nilidhani unaniona kinyaa. Nilisaini ile fomu kwa sababu unakaa kulia!"

"Sijawahi kukuona kinyaa hata dakika moja. Nilikuwa najificha mimi."

Mpishi mmoja akachungulia mlangoni, akaona sura zao, akarudi na sinia lake la mchele bila kuuliza kitu. Refa akafuta jicho la kushoto, lile lililokuwa likitoka machozi hata asipolia. Leo alikuwa analia kwa yote mawili.

"Ulinipenda, au ulikuwa unajiosha?"

"Nilianza kwa woga. Sikudanganyi tena. Mwezi mzima nilikuwa nakuja kwa sababu nilikuwa nakosa usingizi. Kupenda kulikuja baadaye."

"Lini?"

"Siku ile muuguzi alipotaka kukuchoma sindano bila kukuuliza jina. Shingo huwezi kuigeuza, mdomo haufunguki, ukanyanyua kadi yako ya kliniki ukamwonyesha kama kadi nyekundu. Wodi nzima ikacheka. Nilitoka nje nikalia, kwa sababu nilijua nimekwisha."

Kama angesema jambo jingine lolote, ingekuwa rahisi kumchukia. Refa akaivua pete ya uchumba. Ilikwama kwenye kifundo cha kidole, akaivuta kwa hasira mpaka ngozi ikawasha, akaiweka kwenye meza ya kukatia vitunguu.

"Usinifuate," akasema.

Hakufuatwa. Siku nne simu ya Povu haikuja, na siku ya tano ukaja ujumbe mmoja: "Sikuombi unisamehe. Nilitaka tu ujue kwamba ulifunga. Ulifunga, Refa."

Akausoma mara ya kwanza kwa hasira. Mara ya pili akausoma amesimama jikoni, mkono kwenye kitasa cha jiko. Mara ya tatu akakaa sakafuni na kulia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetuliwa gunia begani ghafla na kukuta bega linauma zaidi. Alimchukia. Alimkumbuka pia, na hilo ndilo lililomtia uchungu kuliko yote.

Jumatano akaenda kwa daktari peke yake.

"Ameniambia."

"Naona," daktari akasema. "Umekonda kwa siku saba tu."

"Lile swali lako niulize tena."

Daktari akaiweka kalamu chini.

"Unataka nini kibadilike?"

"Nataka kulala."

"Kivipi?"

"Jicho hili la kushoto halifungi sawasawa. Kovu linazidi kulivuta kope la chini. Nalala liko wazi kidogo, asubuhi linawaka kama nimetiwa pilipili. Uwanjani upepo ukivuma tu machozi yananitiririka, wachezaji wanadhani wameniliza."

"Tangu lini?"

"Mwaka sasa."

"Na hukuniambia?"

"Hakuna aliyeniuliza jicho. Wote mlikuwa mnatazama shavu."

Daktari akavua miwani. Akamwinua kidevu, akamwambia afumbe, akaangalia ule upenyo mweupe uliobaki kati ya kope. Akaangalia kwa muda mrefu.

"Hata mimi," akasema. "Hata mimi nililitazama shavu. Nisamehe."

"Linatengenezeka?"

"Linatengenezeka, tena linapaswa kutengenezwa, usipoangalia utalipoteza. Nitachukua kipande kidogo cha ngozi nyuma ya sikio, nilegeze kope. Jicho litafumba. Alhamisi ijayo. Na shavu?"

"Shavu liacheni. Likinikera siku moja nitakuja mwenyewe, bila mtu nyuma yangu."

"Sawa. Ila kwa jicho utahitaji msindikizaji. Utatoka umefungwa kitambaa, huwezi kurudi peke yako. Una nani?"

Refa hakujibu hapo. Alijibu akiwa nje, amesimama juani, kwa vidole, akimwandikia Povu kwenye simu:

"Jumapili saa tisa, nyumbani kwa mama. Shangazi atakuwepo. Uje useme yote uliyoniambia, mbele yao, na mimi nikiwepo. Usipokuja sitakutafuta tena maishani."

Jibu lilikuja kabla hajavuka barabara.

"Nitakuja."

Jumapili shangazi alifika mapema na daftari, maana alidhani wanaitwa kupanga sare za harusi. Mama alitandika kitambaa kizuri mezani. Povu aliingia saa tisa kasoro dakika mbili, shati limepigwa pasi, uso wa mtu aliyekuja kusikiliza hukumu yake. Mama akamkaribisha kiti.

"Nitasimama, mama," akasema. "Nikikaa sitaweza kusema."

Akasema. Hakujitetea wala kukata kona. Alisema alikuwa na haraka, alisema brashi ilikuwa kavu, alisema kibano alikitupa kwa mkono wake. Shangazi aliyekuwa na neno kwa kila jambo alibaki na kalamu hewani.

"Yaani," hatimaye akapata sauti, "ulikuwa unakula kwenye meza hii, unanisikia nikimsema mtoto huyu, na wewe unatafuna?"

"Ndiyo, shangazi."

"Toka! Mtoeni huyu kabla sijamtoa mimi!"

"Shangazi, acha," Refa akasema. "Nimemwita mimi."

Mama akainuka, akampita Povu kana kwamba pale hapana mtu, akaja mpaka kwa binti yake na kumshika uso kwa mikono miwili, kovu na pasipo kovu.

"Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu nakuuliza umefunga. Umeungua, na mimi nakuongezea."

"Hukujua, mama."

"Nilipaswa kukuamini. Uliniambia mara ya kwanza, kitandani pale, mama nadhani nilifunga. Nikakwambia usijitetee." Akalipapasa kovu. "Nisamehe, mwanangu."

Akataka kupiga magoti. Refa akamdaka kabla goti halijagusa sakafu, wakashikana pale katikati ya sebule, na shangazi akajifanya anatafuta kitu ndani ya daftari lake. Povu alisimama palepale mlangoni. Alilia bila kujifuta, na hakuna aliyemwambia anyamaze wala aliyempa kitambaa.

Baadaye shangazi akakohoa.

"Na harusi? Nitawaambia nini watu?"

"Waambie bibi harusi anatibiwa jicho."

"Na bwana harusi?"

Refa akamtazama Povu. Kwa mara ya kwanza tangu ajuane naye hakugeuza uso wake ili kumrahisishia, na yeye Povu hakuangalia kwingine.

"Sijui, shangazi," akasema. "Sitaki kusema uongo. Sijui."

Kisha akamgeukia Povu mwenyewe.

"Alhamisi saa moja asubuhi, hospitali. Nahitaji mtu wa kunirudisha nyumbani."

Alhamisi alimkuta yuko getini tangu saa kumi na mbili, mlinzi ameshamchoka. Hawakuongea sana. Wakaenda dirisha la mapokezi, wakamkuta muuguzi mpya ambaye hakuwajua, ana fomu mbele yake na haraka ya asubuhi.

"Upasuaji wa kope, kovu la moto," akasoma. "Chanzo cha kuungua?"

Refa akafungua mdomo kwa mazoea. Jibu la miaka mitatu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Povu akamtangulia.

"Andika uzembe wa fundi wa gesi."

"Fundi alichukuliwa hatua?"

"Alijificha."

"Mjinga huyo. Hajulikani?"

"Anajulikana. Ni mimi."

Kalamu ikasimama. Muuguzi akamtazama Povu, akamtazama Refa, akalitazama kovu, akarudi kwa Povu.

"Dada," akasema polepole, "msindikizaji wako ndiye huyu huyu?"

"Ndiye."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

Muuguzi akatikisa kichwa, akashuka mstari mwingine. Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni wakasogea karibu wapate kusikia.

"Hapa wanataka uhusiano. Yeye ni nani wako? Niandike nani?"

Povu aliangalia chini, mikono ameibana nyuma, maana hilo halikuwa lake kulijibu na alilijua. Refa akakiangalia kidole chake kitupu. Akamwangalia huyu mwanamume aliyemchoma, aliyemdanganya, na ambaye sasa hivi, mbele ya foleni nzima, alikuwa amejivua nguo zote za uongo bila kushurutishwa na mtu.

"Dada, nakusubiri. Niandike nani?"

"Andika mchumba," Refa akasema.